Chembe za Metali Tumboni: Kinachoyeyuka na Kinachobaki

Chukua kidonge kilichopakwa ngozi nyeupe, ukivunje katikati, ukitazame kwenye mwanga wa dirisha. Ndani kuna unga uliogandamizwa, pengine wa manjano hafifu, pengine wa rangi ya majivu. Nje kuna utando mwembamba mweupe pe, usiopitisha mwanga. Katika vidonge vingi weupe huo ni titani dioksaidi, unga unaotokana na metali ya titani. Ndio huohuo unaong'arisha dawa ya meno, chingamu, krimu ya keki na ganda la pipi za rangirangi. Kwenye pakiti huandikwa E171 au INS 171, mara nyingi kwa maandishi madogo yaliyobanwa kwenye mkunjo wa karatasi.

Chembe za unga huo hazilingani. Weupe ulio bora hutoka kwenye chembe zenye upana wa nanomita 200 hadi 300, na hizo ndizo watengenezaji wanazozilenga. Lakini kiwandani hutoka pia zilizo ndogo zaidi, na zile za kuanzia nanomita 100 kushuka chini ndizo zinazoitwa chembe za nano. Nanomita moja ni mita iliyogawanywa mara bilioni moja. Seli nyekundu ya damu, ambayo huwezi kuiona bila hadubini, ina upana wa nanomita 7,000 hivi. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, waliichunguza E171 wakakuta takriban asilimia 36 ya chembe zake, zikihesabiwa mojamoja, ziko chini ya nanomita 100. Kwa hiyo anayekula pipi yenye ganda jeupe la titani anameza chembe za nano za metali, apende asipende.

Swali la kama zinamdhuru limepata majibu mawili ya haraka. Wapo wanaosema kila kilicho nano ni sumu mpya ambayo mwili haujawahi kukutana nayo. Wapo, hasa wauzaji, wanaosema metali ni ileile, imesagwa tu zaidi, kwa hiyo hakuna la kuogopa. Majibu yote mawili yana kasoro moja: yanazichukua chembe za nano za metali kuwa kitu kimoja. Shaba, zinki, chuma, fedha, dhahabu na titani zikishafika tumboni, kila moja hushika njia yake. Ninavyoona mimi, hoja yote inasimama juu ya maswali matatu. Chembe inayeyuka au haiyeyuki? Kiasi gani kinavuka ukuta wa utumbo? Na kilichovuka kinatoka lini? Anayeuza kitu chenye chembe hizi bila kuweza kuyajibu maswali hayo hana haki ya kuandika neno "salama" kwenye chupa yake.

Udogo una maana kwa sababu ya uso. Mchemraba wa metali wa sentimita moja una uso wa sentimita sita za mraba. Ukikatwa uwe michemraba ya nanomita mojamoja, uzito ukibaki uleule, nyuso zake zote zikijumlishwa zinafika mita za mraba 6,000, karibu uwanja mzima wa mpira. Na mambo ya kikemia hutokea juu ya uso: huko ndiko asidi inakoigusa metali, na huko ndiko protini zinakonata. Gramu moja ya unga mnene na gramu moja ya unga wa nano ni sawa kwenye mizani, ila tumboni hazifanyi kazi sawa.

Hata hivyo mwili si mgeni kabisa wa chembe hizi. Chuma tunachoweka akiba kwenye ini kimo ndani ya feritini, protini ya mviringo yenye uwazi katikati na upana wa nanomita 12 hivi. Ndani ya uwazi huo hukaa punje ya madini ya chuma inayoweza kubeba atomu zipatazo 4,500. Feritini imo kwenye maharage, kwenye soya, kwenye ini la ng'ombe. Kila alaye maharage anameza chembe za nano za chuma, na binadamu wamezila kwa karne zote. Kinachowalinda ni kwamba mwili unajua kuivunja chembe hiyo, kuchukua chuma kidogokidogo na kupunguza upokeaji akiba inapotosha. Watafiti wa ETH Zürich, Uswisi, waliutegemea ulinzi huo walipotengeneza misombo ya nano ya chuma kwa ajili ya kurutubisha chakula: mwaka 2010 waliripoti kwamba panya walikipokea chuma hicho vizuri na hakikurundikana kwenye viungo vyao. Kwa nchi kama Kenya na Tanzania, ambako sheria inataka unga wa viwandani utiwe chuma, na ambako chuma kinachoyeyuka vizuri kina tabia ya kuharibu rangi na ladha ya ugali na uji, utafiti wa namna hii una manufaa ya kweli.

Lakini utaratibu huo ni wa chuma. Kwa titani, fedha na dhahabu mwili haukuumbiwa wowote, maana haukuwahi kuzihitaji.

Shaba ndiyo inayotoa somo lililo wazi kuliko zote. Mwaka 2006 watafiti nchini China waliwapa panya shaba kwa mdomo katika sura tatu: unga wa kawaida wenye chembe za mikromita 17, unga wa nano wa nanomita 23.5, na shaba iliyokwisha kuyeyuka, yaani ioni. Walitafuta dozi inayoua nusu ya panya. Kwa unga wa kawaida, hata miligramu 5,000 kwa kila kilo ya uzito wa mnyama hazikufikia hapo. Kwa shaba iliyoyeyuka zilitosha miligramu 110. Unga wa nano ulikuwa na 413. Metali moja, njia moja ya mdomo, ila ukubwa wa chembe peke yake uliihamisha shaba kutoka kundi la vitu visivyo na sumu ya kutajwa hadi karibu na sumu yenyewe. Figo, ini na bandama ndizo zilizoumia.

Mwaka uliofuata ilielezwa sababu. Tumboni kuna asidi. Chembe za nano za shaba, kwa upana wa uso wake, hupambana na asidi hiyo kwa kasi na kugeuka ioni. Hapo yanafuata mawili kwa pamoja: ioni zinafurika kuliko figo na ini zinavyoweza kuhimili, na asidi yenyewe inatumika mpaka damu ya mnyama inaelemea upande wa alkali. Unga mnene hupita kabla haujapata muda wa kuyeyuka sana. Kwa shaba, basi, chembe ya nano haikuleta sumu ya aina mpya. Imeharakisha kuifikisha ya zamani.

Zinki oksaidi hufuata njia hiyo bila kishindo. Huyeyuka kwenye asidi ya tumbo, na baada ya hapo mwili unakutana na zinki ya kawaida, ileile iliyomo kwenye nyama na kunde. La kuuliza ni jumla ya zinki: Marekani kikomo cha mtu mzima ni miligramu 40 kwa siku, Ulaya ni 25, na anayezidisha kwa muda mrefu huzuia shaba isipokewe mwilini. Ndiyo maana mwongozo wa Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, EFSA, wa mwaka 2018 ulianza na kipimo rahisi. Weka chembe kwenye maji yaliyotengenezwa yafanane na ya utumbo, subiri dakika 30, kisha pima. Zikibaki kama chembe asilimia 12 au pungufu, basi zinahesabiwa kuwa zimeyeyuka upesi, na usalama wake unaweza kupimwa kwa kanuni za metali ya kawaida. Zikibaki zaidi, kazi ndiyo kwanza inaanza.

Maana chembe isiyoyeyuka inakutana na ukuta. Utumbo mwembamba, ukikunjuliwa mikunjo yake na vijidole vyake vidogo, una uso wa mita za mraba zipatazo 30, na wote umefunikwa na ute. Ute huo ni kinga nzuri ajabu: chembe nyingi hunasa humo na kutoka pamoja na kinyesi. Isitoshe, mara tu chembe inapoingia kwenye chakula hufunikwa na protini na mafuta, nyingine hugandana na kuwa mabonge makubwa. Kwa sababu hizi sehemu inayovuka ni ndogo. Watafiti wa Munich waliowapa panya chembe za dhahabu za ukubwa mbalimbali walichapisha mwaka 2012 kwamba hata zile ndogo kuliko zote, za nanomita 1.4, zilivuka kwa kiwango cha chini ya asilimia moja, na zilizo kubwa zaidi zilivuka kwa kiwango kilicho chini ya hicho. Mapema, mwaka 2001, watafiti wengine walizifuatilia chembe za dhahabu kwenye maji ya kunywa ya panya, wakaziona zikipenya kwenye mwanya unaoachwa na seli zilizozeeka za utumbo zinapobanduka. Jambo hilo hutokea kwa kila mtu, kila siku, kwa kuwa utumbo hubadilisha seli zake bila kupumzika.

Mlango mwingine ni wa makusudi. Kwenye utumbo yapo mabaka ya kinga yanayoitwa mabaka ya Peyer, na juu yake kuna seli maalumu ambazo kazi yake ni kuokota sampuli ya kila kinachopita ili askari wa mwili wakikague. Wataalamu wa hadubini waliokagua mabaka hayo ya watu wazima waliona chini yake seli zenye madoa meusi. Mwaka 1996 yalipochambuliwa, ndani yake ilikutwa titani dioksaidi, yenye umbo na ukubwa wa ile inayotiwa kwenye chakula, pamoja na silikati za alumini. Nalitilia uzito jambo hili kuliko majaribio mengi ya panya. Ni binadamu wa kawaida, waliokula vyakula vya kawaida, na seli zao za kinga zimeyahifadhi yale zilizoshindwa kuyasaga.

Kuvuka kidogo si kutovuka. Asilimia ndogo ikirudiwa kila siku kwa miaka 30 huwa akiba, kama hakuna kinachotoka. Huko Uholanzi, mwaka 2018, wachunguzi walipima maini na bandama za watu 15 waliokuwa wamefariki. Titani ilikuwemo, na angalau asilimia 24 ya chembe zilizopimwa zilikuwa za nano. Miaka mitatu kabla ya hapo, watu waliojitolea kumeza miligramu 100 za titani dioksaidi walikutwa na chembe hizo kwenye damu ndani ya saa chache, wingi wake ukifika kilele kwenye saa ya sita. Na mwaka 2020 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba chembe za titani zinaweza kupita kwenye kondo la nyuma, tena wakaikuta titani kwenye kinyesi cha kwanza cha watoto wachanga. Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivi kinachothibitisha ugonjwa. Vinathibitisha uwepo, na hilo tayari limeivunja hoja ya zamani iliyodai kwamba unga huu unaingia mdomoni na kutoka wote kama ulivyoingia.

Sasa fedha. Hii ndiyo inayonipa hasira, kwa sababu hapa watu hawawekewi chembe kwenye pipi bila kujua. Wanauziwa chupa kwa ahadi ya kupona. "Fedha ya koloidi" ni maji yenye chembe ndogo za fedha zilizotawanyika ndani yake. Wauzaji mtandaoni huyanadi kuwa yanatibu kuanzia mafua hadi saratani. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliamua mwaka 1999 kwamba dawa za kujinunulia zenye fedha ya namna hii hazitambuliki kuwa salama wala kuwa na nguvu ya kutibu ugonjwa wowote. Machi 2020, ulimwengu ulipotaharuki kwa Uviko-19, FDA ililazimika tena kuyaonya makampuni yaliyokuwa yakiyanadi maji hayo kuwa kinga ya virusi.

Fedha haiyeyuki upesi kama shaba wala haikai kimya kama titani. Inakwenda hatua kwa hatua. Tumboni sehemu yake hugeuka ioni, ioni hukutana na kloridi na kugandamana, nyingine hushikamana na protini na kuingia kwenye damu. Kutoka hapo husambaa. Sehemu inayofika kwenye ngozi ikipigwa na jua hurudi kuwa metali, kisha huungana na salfa na seleniamu na kutulia hapo. Kwa maneno mengine, mwili wenyewe hutengeneza chembe mpya za nano chini ya ngozi. Mtu hugeuka rangi ya bluu iliyochanganyika na kijivu, usoni na mikononi kwanza. Hali hiyo inaitwa argiria, na haifutiki. Stan Jones, aliyegombea Useneti wa Marekani katika jimbo la Montana mwaka 2002, aligeuka rangi hiyo baada ya kunywa fedha aliyojitengenezea mwenyewe, kwa hofu kwamba kompyuta zingegoma mwaka 2000 na dawa zikaadimika.

Wauzaji husema kiwango chao ni kidogo. Na tupige hesabu. Mamlaka ya mazingira ya Marekani iliweka kikomo cha mikrogramu 5 za fedha kwa kila kilo ya mwili kwa siku, ikiitazama argiria. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni mikrogramu 300. Maji yenye miligramu 10 za fedha kwa lita, ambayo ni kipimo cha kawaida madukani, hubeba mikrogramu 150 kwenye kijiko kimoja kikubwa cha mililita 15. Vijiko viwili vimefika kikomo. Vijiko vitatu kwa siku, kwa miezi, vimekivuka. Na anayetengeneza nyumbani kwa betri na vijiti viwili vya fedha hana namna ya kujua kilichomo kwenye glasi yake.

Yapo majaribio yanayotuliza roho, na haki yatajwe. Chuo Kikuu cha Utah kiliwapa watu wazima wenye afya fedha ya dukani kwa muda usiozidi siku 14, matokeo yakachapishwa mwaka 2013: hakukuwa na madhara yaliyoonekana kwenye vipimo vya damu na mkojo. Sikatai matokeo hayo. Lakini argiria haiji kwa siku 14. Upande wa pili upo utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2012 ambao panya walipewa fedha ya nano kwa siku 28, kisha wakaachwa wiki nane bila kupewa. Viungo vingi vilijisafisha. Ubongo na korodani havikujisafisha. Ni viungo viwili ambavyo mwili umeviwekea vizuizi vikali dhidi ya vitu vya damuni, na inaelekea kizuizi kinachofanya iwe vigumu kuingia kinafanya iwe vigumu pia kutoka. Utafiti wa Korea Kusini wa mwaka 2008 uliongeza jambo lingine la kutazamwa: figo za panya majike zilikusanya fedha mara mbili ya zile za madume. Dozi zilikuwa kubwa mno, na panya si mtu, ila mjamzito anayeshawishiwa kunywa "maji ya fedha" anastahili kuambiwa.

Hata hivyo fedha hiyohiyo ina matumizi ambayo ningeyatetea mbele ya yeyote. Vichujio vya udongo wa kufinyanga vilivyopakwa fedha, vilivyobuniwa Guatemala mwaka 1981, vinatumika katika nchi nyingi maskini kuua vijidudu kwenye maji ya kunywa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu anaweza kupokea gramu 10 za fedha katika maisha yake yote bila madhara, na linavumilia hadi miligramu 0.1 kwa lita pale fedha inapotumika kulinda maji. Kiasi kinachomomonyoka kutoka kwenye kichujio kilichotengenezwa vizuri kwa kawaida huwa chini ya hapo. Ukiweka hilo kwenye mizani na kuhara kunakoua watoto wadogo, jibu liko wazi. Huko Arusha mhandisi Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela, alishinda tuzo ya uhandisi barani Afrika ya mwaka 2015 kwa kichujio cha mchanga na vifaa vya nano kinachopangwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali, ikiwemo floridi inayotoboa na kupaka rangi meno ya watu wa maeneo hayo. Nano ndani ya kichujio inafanya kazi na, kwa sehemu kubwa, kubaki kwenye kichujio. Nano ndani ya chupa ya "tiba" inaishia ndani yako.

Turudi kwenye titani, maana hapo ndipo mataifa yamegawanyika. Mwaka 1979 taasisi ya saratani ya Marekani ilichapisha jaribio la kuwalisha panya titani dioksaidi kwa takriban miaka miwili, chakula chao kikiwa na hadi asilimia 5 ya unga huo. Saratani haikuonekana. Kwa miongo kadhaa jaribio hilo lilikuwa nguzo ya kila kibali. Kasoro yake ni kwamba enzi hizo hakuna aliyekuwa akipima ukubwa wa chembe.

Januari 2017 taasisi ya utafiti wa kilimo ya Ufaransa, INRA, ilitoa taarifa iliyotikisa. Panya walipewa E171 kwenye maji kwa siku 100, miligramu 10 kwa kilo kwa siku, kiwango kisicho mbali sana na cha binadamu. Panya 4 kati ya 11 walipata mabadiliko kwenye utumbo mpana ya aina inayoweza kutangulia saratani, na mabaka ya Peyer yalionyesha kinga iliyovurugika. Miaka miwili baadaye watafiti waliofadhiliwa na watengenezaji walirudia kazi ya siku 100, wakachanganya unga huo kwenye chakula badala ya maji, na hawakuona madhara.

Tofauti hiyo ya maji na chakula si jambo dogo. Kwenye maji yaliyotikiswa kwa mawimbi ya sauti chembe hutengana na kusambaa. Kwenye chakula hugandana na kufunikwa. Binadamu hula kwa namna zote mbili. Anayetafuna pipi akiwa na njaa, na anayekula keki baada ya pilau, hawapokei chembe zilezile hata kama unga umetoka mfuko mmoja. Kwa hiyo mimi sichukui upande wa utafiti mmoja dhidi ya mwingine. Kila mmoja umejibu swali lake.

Ufaransa haikusubiri. Kuanzia 1 Januari 2020 ilisimamisha uuzaji wa vyakula vyenye E171. Mei 2021 EFSA ikatangaza kwamba haiwezi tena kuihesabu E171 kuwa salama kwenye chakula. Sababu yake isomwe kwa makini. EFSA haikusema unga huo unaua, na ilikiri kwamba hata dozi ya miligramu 1,000 kwa kilo haikuleta madhara kwenye uzazi wa panya. Ilisema haiwezi kuondoa uwezekano kwamba chembe zake zinaharibu vinasaba, na kwa kitu kinachoharibu vinasaba mtu hawezi kuchora mstari na kusema chini ya hapa hakuna hatari. Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku mwaka 2022, na muda wa mpito ukaisha Agosti mwaka huohuo.

Kanada ikasoma ushahidi uleule mwaka huohuo na kusema haikuona uthibitisho wa hatari. Novemba 2023 kamati ya pamoja ya wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani (WHO), JECFA, ikashikilia msimamo wake wa tangu 1969 kwamba hakuna haja ya kuweka kikomo cha kula kwa siku. Marekani bado inaruhusu hadi asilimia moja ya uzito wa chakula, kanuni iliyoanza mwaka 1966. Msomaji anaweza kudhani upande mmoja una wanasayansi wazembe. Siyo hivyo. Wamegawanyika juu ya jambo moja: je, majaribio yaliyotumia chembe ndogo zilizotenganishwa kwa makusudi yahesabiwe dhidi ya E171, ambayo ina chembe hizo ila ikiwa pamoja na kubwa? Ulaya ilisema ndiyo, kwa kuwa zimo. Kanada ilisema yapewe uzito mdogo, kwa kuwa hakuna anayezila hivyo.

Mimi nakubaliana na Ulaya, kwa sababu nyingine tena iliyo nyepesi. Titani haina lishe, haihifadhi chakula, haizuii ukungu. Kazi yake ni weupe. Chuma kina hatari zake na tunazikubali kwa kuwa upungufu wa damu unadhoofisha mama na mtoto. Fedha kwenye kichujio tunaikubali kwa kuwa maji machafu yanaua. Kwa weupe wa pipi hatuna cha kuweka upande wa pili wa mizani. Na wanaobeba mzigo mkubwa ni watoto: utafiti ule wa Arizona ulikadiria kwamba Marekani mtoto wa chini ya miaka 10 humeza miligramu 1 hadi 2 za titani dioksaidi kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, ilhali wakubwa humeza 0.2 hadi 0.7.

Kwenye dawa mambo yanabadilika. Ulaya yenyewe iliiacha titani iendelee kwenye vidonge, kwa sababu utando huo hukinga dawa dhidi ya mwanga, na kuubadilisha kwa maelfu ya dawa kungeleta uhaba. Kidonge kina kiasi kidogo cha unga huo, na kilichomo ndani kinaokoa maisha. Nalisema hili wazi kwa sababu najua habari za namna hii zinavyosambaa kwenye simu: hakuna mtu anayepaswa kuacha dawa za kifua kikuu, za presha au za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi kwa sababu ya rangi ya ngozi ya kidonge.

Afrika Mashariki inafuata viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex, na Codex inairuhusu INS 171 kwenye vyakula vingi bila kikomo cha namba. Hatulazimiki kuiga marufuku ya Ulaya neno kwa neno. Ila Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, unataka kila kiambato kilichotengenezwa kwa nano kiandikwe hivyo kwenye pakiti, na hilo tunaweza kulifanya bila maabara mpya hata moja. Tanzania ilihamishia usimamizi wa usalama wa chakula kwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019, dawa zikabaki kwa mamlaka ya dawa, TMDA. Kenya ina shirika lake la viwango, KEBS. Taasisi hizi zimdai mwagizaji na mwenye kiwanda jedwali la ukubwa wa chembe na kipimo cha dakika 30 kwenye maji ya utumbo. Asiye nalo asiruhusiwe kuuza kitu hicho kama chakula cha watoto.

Nawe mzazi, geuza pakiti kabla ya kulipa. Ukiona E171 au INS 171, ipo pipi nyingine pembeni isiyo nayo, mtoto hatapungukiwa na kitu. Na yeyote atakayekuletea chupa ya maji ya fedha akisema inatibu, mrudishie chupa yake, nenda zahanati.